Sifa za Gari Lililo Juu ya Mawe

Magari yanayotembea yana watu wa kuyasifu. Kifodi kina konda wake wa kukitangaza kuanzia Kilombero hadi Sakina. Gari la watalii lina kampuni inayoliosha kila jioni na kulipiga picha karibu na tembo. Gari lililo juu ya mawe halina msemaji. Jirani hulitazama kwa huruma, mama watoto kwa hasira, na mnunuzi wa chuma chakavu hulitazama kwa macho ya mizani. Naomba leo nilisimamie, maana nalijua vizuri: ni Land Rover 109 ya miaka ya sitini, inayokaa katika banda la bati huku Ilboru, mteremkoni mwa Mlima Meru, magurudumu yameegemezwa ukutani na injini imelala juu ya meza.

Sifa huanzia kwenye nasaba, na ya gari hili haina doa. Land Rover ya kwanza ilioneshwa Amsterdam mwezi Aprili 1948. Uingereza ilikuwa imetoka vitani. Chuma kilitolewa kwa mgawo, alumini ilipatikana kwa urahisi. Maurice Wilks na wenzake wa kampuni ya Rover wakaunda chasisi ya chuma, wakaivisha bodi ya alumini, wakaipaka rangi ya kijani iliyosalia jeshini. Walikusudia gari la kuvukia miaka ya shida tu, kisha warudi kwenye magari ya heshima. Shida ikapita, gari likagoma kupita. Ukoo ule uliendelea kutoka kiwanda cha Solihull hadi Januari 2016. Mtoto aliyezaliwa kwa dhiki na kuvikwa mabaki ya jeshi, nani atamlaumu akiomba spea uzeeni?

Wapinzani wake hukimbilia kutaja kutu. Wanasema kweli, ila hawasemi kweli yote. Alumini haishiki kutu nyekundu, ndiyo maana milango na madigadi yanameremeta wakati chasisi iliyo chini yake imeshaliwa. Chasisi yenyewe ni bapa nne za chuma zilizochomelewa zikafanya boksi refu, tupu ndani. Masika yanapofika, tope la majivu ya volkano ya Meru huingia kwenye tundu, hutulia humo, hutunza unyevu, na kazi huanza kimyakimya kutoka ndani kwenda nje. Magari ya kisasa hukanyaga ardhi yetu kisha hukimbilia kuoshwa. Hili limeiweka moyoni. Fundi alipoigonga chasisi kwa nyundo, ulimwagika udongo wa kutosha kuotesha mchicha. Uzalendo gani unazidi huo?

Wengine hulishutumu kwamba linavuja. Huvuja kwenye sili ya nyuma ya injini, huvuja kwenye giaboksi, huvuja kwenye difu zote mbili na kwenye vikombe vya magurudumu ya mbele. Hao hawajafikiri. Gari lisilovuja humficha mwenyewe habari mpaka siku injini inapokwama katikati ya njia ya Namanga. Letu hutoa taarifa kila asubuhi, sakafuni, kwa matone. Madoa yakionekana, mwenye gari hula kwa amani, kwa sababu mafuta bado yamo. Madoa yakikoma ndipo aanze kuhangaika.

Sasa tuje kwenye uchumi. Zamani hata gari lililokufa lilidaiwa ada ya leseni ya mwaka, na deni likazidi kukua wakati magurudumu hayagusi ardhi. Mwaka 2017 Serikali iliifuta ada hiyo, ikaongeza shilingi 40 za ushuru kwenye kila lita ya mafuta. Tangu hapo gari lililo juu ya mawe ndiye mwananchi aliyesamehewa kabisa. Haliendi sheli, kwa hiyo halilipi. Halipiti barabara ya Moshi, kwa hiyo tochi ya trafiki haijawahi kulikamata kwenye hamsini. Wala hakuna shemeji anayebisha hodi usiku kuomba limpeleke Monduli kwenye sherehe, au lirudishe masufuria ya msiba Usa River. Mwenye gari zima ni dereva wa ukoo mzima. Mwenye gari bovu huulizwa hali tu.

Tena hurudisha ujirani. Gereji za Unga Limited zimejaa spana za milimita, maana Toyota ndiyo inayowapa ugali. Land Rover ya enzi zile inataka inchi, na inchi zenyewe si za ukoo mmoja: hapa nati ina meno ya kale ya Kiingereza, pale ina meno ya mtindo wa Kimarekani. Seti kamili anayo mstaafu mmoja jirani, na hakuna njia ya mkato ya kuifikia.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba. Nusu inchi?”

“Ndiyo, mzee.”

“Kaa kwanza.”

Unakaa. Chai inaletwa. Unasikia jinsi daraja lilivyosombwa, jinsi walivyotoa feni na kuvuka mto maji yakiwa kiunoni, nani aliyekuwa usukani na nani alisali. Spana hupatikana jua likikaribia kuzama. Lini umekaa hivyo na jirani kwa sababu ya gari lisilo na kasoro?

Nimefika kwenye sifa ambayo naitaja bila utani. Gari hili linaeleweka. Bodi imeshikwa kwa bolti na riveti. Fungua, bandua, weka pembeni. Lina mkono wenye kichwa cha njano wa kuyapa nguvu magurudumu ya mbele, na mwingine wenye kichwa chekundu wa gia nzito. Gia ya kwanza na ya pili hazina kifaa cha kuzipatanisha, kwa hiyo dereva hujifunza kusikiliza injini kabla ya kubadili. Betri ikifa, hendeli hupita kwenye bampa ya mbele, na mkono wa mtu hufanya kazi ya umeme. Kijana anayejifunza ufundi akilifungua mwaka mmoja, atajua moto huingiaje kwenye plagi na nguvu hufikaje kwenye tairi. Gari jipya humwonesha taa ya dashibodi na kumwambia atafute mwenye kompyuta.

Na lisidharauliwe kwa kusimama, maana kusimama ni sehemu ya kazi yake. Mwaka 2011, watu walipomiminika Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa ya Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile kwa shilingi 500, Land Rover kuukuu za Arusha zilikuwa miongoni mwa magari yaliyowafikisha kupitia vumbi na makorongo. Oktoba 2024 jiji hili likaandaa tamasha la Land Rover kwa nia ya kuivunja rekodi ya msafara iliyowekwa Ujerumani mwaka 2018 kwa magari 632. Barabara zikajaa, watu wakashangilia. La kwetu halikuhudhuria; lilikuwa na udhuru wa kukosa magurudumu. Lakini chungulia chini ya kuukuu zile zilizopita kwa maringo, utaona viraka vya mchomeleaji kwenye chasisi. Viraka hivyo havikuwekwa gari likitembea. Landrova inayoishi miaka sitini haiishi kwa sababu haifi. Inaishi kwa sababu kila ikifa kuna banda, kuna mawe, na kuna mtu asiyekubali kuiuza kwa kilo.

Kwa hiyo, msomaji, ukipita Sekei, Moshono au Ngaramtoni ukaliona gari juu ya mawe, usimuulize mwenyewe litatembea lini. Ameshaulizwa na mkewe. Muulize anatafuta spea gani, na kama nyumbani kwenu kuna spana za inchi zinazolala bure, mpelekee.