Usukani wa Asili

Land Rover yangu na mimi tumezaliwa mwaka mmoja, 1969, na wote wawili tumeshabadilishiwa vipuri. Mimi meno mawili. Yeye usukani mzima.

Nilipewa na mjomba wangu, bwana shamba mstaafu, macho yake yalipoanza kumwonyesha bodaboda mbili palipo na moja. Ni 109, Series IIA, yenye bodi ya aluminiamu isiyojua kutu, juu ya chesisi ya chuma inayoijua kutu vizuri sana. Mjomba alikuwa ameshaung'oa zamani usukani wa Kiingereza, akafunga pawa stelingi ya gari la Kijapani na kiusukani cha saluni chenye ukubwa wa sahani ya pilau. Nilikata kona kwa kidole kimoja, kingine kikishika muhogo wa kuchoma.

Ikatangazwa kwamba Oktoba 2024 Arusha kutakuwa na tamasha la Land Rover. Nikaiosha yangu, nikaiegesha mbele ya kibanda cha nyama choma ili ionekane. Kijana mmoja akachungulia dirishani, akacheka kidogo. "Mzee, hii si orijino."

Usiku ule sikulala. Asubuhi nilikuwa Unga Limited, kwa fundi wangu.

"Mwalimu," akaniambia, "unataka nitoe kizima niweke kigonjwa?"

Nikamwambia nataka asili. Akanawa mikono kwa petroli, kimya, kama daktari ambaye mgonjwa wake amekataa ushauri.

Usukani wa asili wa gari hili ni safari ndefu. Ukiuzungusha, mhimili wake unageuza boksi, boksi linasukuma fimbo, fimbo inasukuma relei iliyochomekwa ndani ya boriti ya mbele ya chesisi, relei inasukuma fimbo ya pili, ndipo tairi moja linapata habari na kumwarifu mwenzake kwa fimbo ya tatu. Ni kama barua ya serikali: haifiki bila kupitia kila ofisi, na kila ofisi inapunguza kidogo.

Usukani wenyewe na boksi nilivikuta stoo kwa mjomba, chini ya magunia. Vilivyobaki niliagiza Gerezani, Dar es Salaam, vikaja kwa basi. Fimbo tatu, kila moja ncha mbili, kwa hiyo tairodi endi sita. Jambo nisilolijua ni kwamba tatu zinatakiwa ziwe na uzi wa kulia na tatu uzi wa kushoto, ili ukizungusha fimbo irefuke au ifupike, na ndivyo matairi yanavyonyooshwa. Muuzaji aliniletea sita za kulia. Fundi akazungusha fimbo: ilichopata ncha hii, ncha ile ikakitoa. Urefu ukabaki uleule, kama mshahara wangu. Nilipompigia muuzaji simu akaniuliza kwa upole, "Kaka, si umesema za Land Rover? Hizo ni za Land Rover."

Tatu zikarudi kwa basi, tatu za kushoto zikaja kwa basi. Kondakta akaanza kunisalimia kwa jina.

Ikabaki relei. Mjomba alipobadilisha usukani aliiacha ile ya zamani ndani ya chesisi, nikadhani ni kwa kumbukumbu. Kumbe iligoma kutoka. Matope ya miaka yote aliyozunguka vijiji vya Meru akihimiza watu wapulizie kahawa dawa yalikuwa yamegeuka saruji. Siku ya kwanza tukamwagia mafuta. Siku ya pili tukapiga nyundo. Siku ya tatu tukapasha moto, tukapiga nyundo, vijana wa gereji ya jirani wakaja kusaidia kutoa maoni. Siku ya nne ikatoka ghafla, ikamkosa fundi mguu kwa upana wa kandambili.

Ingeishia hapo ingekuwa habari njema. Lakini nilitaka ileile iliyozaliwa na gari, ifunguliwe na kusafishwa. Sasa, ndani ya relei mna springi nene, imebanwa kati ya vishikizo viwili vilivyopasuliwa katikati, vinavyoukumbatia mhimili. Ukiusukuma mhimili utoke bila kuvifunga kwanza hivyo vishikizo, springi inajua imepata uhuru. Fundi alilijua hilo. Alikwenda kutafuta klipu ya kufungia. Mimi nikaona nisikae bure.

Mlio haukuwa mkubwa. Nilisikia kitu kikipita karibu na sikio, kisha bati. Tulitazama juu, tukaona mbingu kupitia tundu la ukubwa wa kikombe cha kahawa. Springi tuliikuta mtaa wa pili, kwenye beseni la mama aliyekuwa akichagua mchele. Aliirudisha baada ya kunihutubia. Bati nimelilipa.

Hatimaye gari likakamilika: usukani mwembamba mweusi wenye kipenyo cha inchi 17, unaokaa juu ya tumbo langu kama kifuniko cha sufuria. Nikaondoka kwa fahari hadi Mnara wa Saa. Pale ndipo nilipojifunza kwamba relei iliyokazwa vizuri inabana pia usukani usirudi wenyewe. Ulipougeuzia ndipo unapobaki. Nilikata kona kuingia mzunguko, nikasubiri usukani urudi, haukurudi, njia yangu ikapita. Nikazunguka tena. Mara ya tatu vijana wa bodaboda walikuwa wananihesabia kwa sauti. Nilitoka kwa njia nisiyoikusudia, nikaegesha, nikasubiri mabega yapoe.

Mjomba akaja kunitembelea.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba, mjomba wangu." Akapanda, akashika usukani, akaugeuza robo, akauachia kama mtu aliyekutana na mdai wake. "Huyu ndiye niliyemkimbia," akasema. "Niliuza kahawa ya msimu mzima nimwondoe. Wewe umelipa arudi?"

Nikamweleza habari za asili. Akacheka. Nikamsomea pia nilichokuwa nimekisoma: gari la kwanza la majaribio, mwaka 1947, lilikuwa na usukani katikati. "Basi weka katikati," akasema, "mkeo akae kushoto, fundi akae kulia, maana hamtaachana tena."

Siku ya tamasha nilifika kwa jasho. Watu walisifu rangi, wakapiga picha na dumu la maji lililofungwa nyuma. Hakuna aliyeiona relei. Imo ndani ya chesisi, haionekani hata ukilala chali. Kijana mmoja alichungulia dirishani, moyo ukanidunda.

"Mzee, ina eesii?"

Wakati wa kutoka nilihitaji kugeuza mahali pafinyu. Nikiwa katikati ya zoezi hilo, mkono wa kwanza ukivuta na wa pili ukisukuma, pikapu moja kuukuu ikanipita ikikata kona kwa kidole kimoja. Alikuwa fundi wangu. Pawa stelingi ya mjomba ilikuwa imepata nyumba.

Alinipungia ule mkono mwingine.