Jinsi ya Kujificha Ukaonekana

Unataka kujulikana hali umejifunika gubigubi? Anza kwa kuamini kwamba ukificha maneno yako, umejificha na wewe. Pakua Tor, programu inayopitisha data zako katika vituo vitatu, kila kituo kikibandua tabaka moja kama unavyomenya kitunguu. Cha kwanza kinakujua wewe, hakijui uendako. Cha mwisho kinajua uendako, hakikujui wewe. Hapo jione umeshakuwa jini.

Pili, itumie pale ambapo watumiaji wake ni wachache, tena kwenye mtandao unaokutambua kwa jina. Desemba 2013 mwanafunzi mmoja wa Harvard, Marekani, alitaka kukwepa mtihani, akatuma barua pepe za kutisha kwamba chuoni kuna mabomu. Barua zilionyesha zimetokea Tor. Wachunguzi hawakuhangaika kuivunja. Walitazama kumbukumbu za waifai ya chuo: nani alikuwa ndani ya Tor saa chache kabla ya barua kufika? Alipohojiwa, alikiri. Simwonei huruma. Ila njia iliyomfikia yeye inaweza kumfikia pia mwandishi wa habari, au mfanyakazi anayefichua wizi wa bosi wake, na hao nawaonea huruma sana.

Tatu, uwe na ratiba. Mdukuzi Jeremy Hammond alikuwa nayo. Mwaka 2012, mjini Chicago, maofisa wa FBI, shirika la upelelezi la Marekani, waliivizia nyumba yake huku kifaa kikiandika waifai yake inawasiliana na anwani zipi. Upande wa pili, mtoa habari wao alikuwa akichati naye. Akitoka nyumbani, jina lake la mtandaoni linazimika. Akirudi, Tor inaamka na jina linawaka. Kifaa kile hakikusoma ujumbe hata mmoja. Ulinganifu huo wa nyakati ulikuwa sehemu tu ya ushahidi, na mwaka 2013 alihukumiwa miaka 10 jela.

Mwanamke anaweza kuvaa baibui na nikabu, yakabaki macho tu, na bado jirani aliyeketi barazani akasema, "Yule Mwanaasha." Kamjua kwa mwendo. Data nazo zina mwendo: ukubwa wake, zinavyofuatana, zinapoanza na zinapokoma. Anayeuona mlango wa kuingilia na mlango wa kutokea hulinganisha miendo miwili, akajua ni mtu mmoja, bila kugusa vazi.

Waliounda Tor hawakulificha jambo hili. Waliandika tangu 2004 kwamba haimkingi mtu dhidi ya anayetazama ncha zote mbili. Dawa ingekuwa kuzichelewesha data na kuzichanganya na nyingine za bandia, lakini nani angesubiri ukurasa mmoja ufunguke kwa saa nzima? Walichagua kasi, na mimi naona walichagua vyema, maana chombo kisichotumiwa na watu hakimfichi yeyote.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, usingoje hadi uwe na siri. Fungua Tor leo usome magazeti, utafute mapishi ya biriani, uangalie matokeo ya mpira. Kuna mtu usiyemjua ambaye usiku huu anahitaji umati wa kujichanganya nao. Nenda ukawe mmoja wao.