Soko Haliko Pale

Wasemaji wengi huogopa macho ya watu. Mimi naogopa esansi. Ukienda Masisi au Walikale, huku Kivu, kuzungumzia programu huria, ufasaha wako hupimwa kwa lita: jenereta ikinyamaza, projekta inanyamaza, na picha ulizozipanga Goma usiku kucha zinarudi gizani zilikotoka.

Na jenereta za huku zina adabu ya ajabu. Husubiri wazee waketi, prefe wa shule awatambulishe wageni kwa vyeo vyao vyote, mchungaji aombe, nami nisafishe koo. Nikifika kwenye "Programu huria ni...", inakohoa na kukata roho. Siku inayokataa kufa, mvua inachukua zamu. Mvua ya Masisi juu ya bati la darasa haina mpinzani. Hata mchungaji mwenye sauti ya kuhubiria uwanja mzima huketi akaingoja imalize hotuba yake.

Halafu kuna mkalimani. Kiswahili wote wanakielewa, lakini wazee hupenda jambo zito liletwe kwa Kihunde, au kwa Kinyanga ukiwa Walikale. Basi naeleza kwa kirefu jinsi Linus Torvalds, mwanafunzi wa Helsinki, alivyoanzisha Linux mwaka 1991 na kuwaachia watu wote wafunue na kurekebisha matumbo yake. Mkalimani anasema maneno matatu, anakaa. Kisha nasema "Asanteni", naye anazungumza mpaka watu wanapigana viganja kwa kicheko, huku wakinitazama. Hadi leo sijui nilishukuru nini.

Nilidhani historia ya karibu ingewagusa zaidi. Nikawasimulia habari za Ushahidi, programu iliyozaliwa Kenya Januari 2008 katika machafuko ya baada ya uchaguzi, watu wakiripoti kwa simu waliyoyaona. Mwaka huohuo, Novemba, ikatumika kukusanya taarifa za vita vya huku kwetu Kivu. Watu walitikisa vichwa kwa heshima, kama wanavyofanya kwenye risala ya serikali. Ndipo mzee mmoja akainua fimbo: "Enjenyeri, kama kitu ni cha bure, mwenye kukitengeneza anakula wapi?"

Swali la haki. Nikamjibu kwa jibini la Masisi. Ufundi wake si mali ya mtu mmoja: kila shamba linajua namna ya kugandisha maziwa, kila mmoja anaongeza ujanja wake, na bado muuzaji anayeshuka nalo Goma anakula. Programu huria ni hivyo: maarifa ni ya wote, anayelipwa ni yule aliyefanya kazi. Watu waliamka! Mmoja akasema jibini la Mushaki halina mfano. Wa nyuma akauliza kama amewahi kuonja la Ngungu. Kikao kikawa cha jibini, na programu huria ikasahaulika mpaka saa ya kula.

Hapo ndipo nilipojua la kufanya. Sifa hazimwinui mtu kitini; kosa ndilo linalomwinua. Nikaacha projekta Goma, nikaja na ramani kubwa ya karatasi, nikaibandika ubaoni kwa tepi. Ni ramani ya OpenStreetMap, mradi ulioanzishwa na Mwingereza Steve Coast mwaka 2004, ambao mtu yeyote anaweza kuuongezea na kuusahihisha. Maeneo mengi kama yetu huchorwa na watu wa kujitolea walio mbali. Hutazama picha za setilaiti na kufuata mapaa. Paa wanaliona, jina la kijiji hawawezi kulisoma kutoka angani. Wala hawajui kwamba katika nyumba ile ndefu kule malishoni wanalala ng'ombe.

Sikusema neno. Kukawa kimya, mpaka sauti ya mama mmoja ikatoka nyuma: "Apana! Soko haliko pale!"

Akaja mbele. Akafuatwa na dereva wa pikipiki aliyesema barabara ile ni kijito tangu mvua zianze, na muuguzi aliyejua kila kijiji kilichohama kukimbia risasi na mahali watu wake walipo sasa, jambo ambalo timu ya chanjo inalihitaji kuliko hotuba yangu. Jenereta ikafa, hakuna aliyegeuka kuitazama. Kila aliyeona kosa alidai kalamu, na jirani yake alisimama karibu kuhakikisha halizai kosa jingine. Yale niliyokuwa nikiyaeleza kwa picha za rangi walikuwa wakiyatenda, kwa kelele.

Walikale mambo ni magumu kidogo. Tangu kasiteriti ya Bisie, yaani madini ya bati, ianze kuchimbwa mwaka 2002, mwenye ramani huko ni mtafuta madini mpaka athibitishe vingine. "Unatafuta dhahabu ao koltani?" Nikasema natafuta majina ya vijito. Hawakuniamini, lakini wakaisogelea ramani, wakakutana na Kilambo. Kilambo ni kipande cha lami ambapo ndege ndogo zilikuwa zikitua kubeba kasiteriti, magari yakisubiri kando. Sasa tuandike nini, barabara au uwanja wa ndege? Vijana wakagawanyika. Mwalimu akataka kura. Dereva mmoja akasema inategemea nani amefika kwanza.

Katibu wa sekta, aliyekaa kimya muda wote, akasimama. "Enjenyeri, kazi ni nzuri. Lakini karatasi hii haina muhuri."

Nikamweleza kwamba ina leseni: kila mtu anaruhusiwa kunakili, kusahihisha na kugawa, mradi ataje chanzo na awaachie wengine ruhusa ileile.

"Leseni ni yenu," akasema. "Muhuri ni wetu."

Akautoa mkobani, akaupulizia pumzi, akaugonga kwa nguvu zote za Jamhuri. Ulitua katikati ya Kilambo, wino ukaenea vizuri, na tangu siku ile, kwa mujibu wa ramani yetu, pale hapapiti gari wala hapatui ndege.