Mama mkwe ndani ya ukungu

Wapiga picha wetu wa Baraka, huku Fizi, wako kwenye kikao kisichoisha: wanunue ile lenzi ndogo ya Canon, milimita 50, f/1.8, au wabaki na ile iliyokuja na kamera? Ndogo hiyo haivuti. Ukitaka sura ikaribie, tembea. Toleo la STM lilipotoka 2015, Marekani liliuzwa dola 125. Huku kwetu ongeza cha kila mkono lilimopita, na noti ya dola isiwe na mpasuko hata wa ukucha, itakataliwa.

Tuseme haki: mwanga inao. Ile iliyokuja na kamera ikivutwa hadi 55 huishia f/5.6; hii hupokea mwanga karibu mara 10 zaidi. Kwa harusi ya usiku yenye taa moja na jenereta inayokohoa, si haba.

Ila kwenye kamera zetu za kihisi kidogo, 50 huona kama 80. Ukitaka ukoo mzima sebuleni, rudi nyuma, toka mlangoni, vuka uwanja, ukifika ziwa Tanganyika omba mtumbwi.

Halafu nyuma yote hugeuka ukungu. Ulaya hulipia ukungu. Mteja wa Fizi hulipia vionekane: keki, friji, pikipiki mpya, na mama mkwe na kitenge chake. Mfiche mama huyo, uone kama salio litalipwa.

Inunue basi, masta, kwa sura ya bibi harusi. Kwa picha ya ukoo, funga tundu hadi f/5.6, palepale ilipokuwa ile ya bure.