Sifa za Tairi la Theluji Katika Jua la Julai

Wafasaha wa zamani hawakuona haya kuutumia ufasaha wao kwa vitu vilivyodharauliwa: al-Jahiz wa Basra, ambaye kalamu yake ingeweza kushughulika na makhalifa peke yao, aliwatungia mabahili kitabu kizima, na katika kitabu chake cha wanyama akawaacha mwenye mbwa na mwenye jogoo washindane kwa hoja kana kwamba wako mbele ya kadhi. Kwa idhini ya mwanachuoni huyo, nami nataka kumsimamia mshitakiwa ambaye hapa Ujerumani hana wakili, naye ni tairi la theluji lililofungwa katika gari kuukuu la spoti, likaachwa humo Januari na Julai, Idi na Krismasi, bila ya kubadilishwa.

Kwanza ifahamike desturi ya nchi. Wajerumani, ambao hata majira ya mwaka hawayaamini mpaka yawe na kanuni, husema kwamba matairi ya theluji hufungwa toka Oktoba hata Pasaka. Na wenye elimu zaidi huongeza kwamba baridi ikishuka chini ya digrii 7, mpira wa tairi la kiangazi huanza kukakamaa, ilhali ule wa tairi la theluji, kwa jinsi ulivyochanganywa, hubaki laini, na mikato midogo midogo iliyochanjwa katika kashata zake hufunguka ikauma theluji. Basi kila mwungwana huwa na seti mbili: mara mbili kwa mwaka huomba siku kwa fundi, hungoja foleni pamoja na mji mzima, hulipa ujira, na seti isiyo na kazi huipeleka katika hoteli ya matairi, kwani ziko hoteli za namna hiyo, ambamo mgeni hupewa namba na rafu yake, hali chakula wala haombi shuka, lakini bili yake haikosi kufika. Shemeji yangu, mzaliwa wa Pangani na mkazi wa Stuttgart, ameyakata mashauri haya yote kwa kutokuwa na seti ya pili.

Wala tairi hili lisidhaniwe kuwa limeokotwa jalalani, maana nasaba yake ni ya kujivunia kuliko ya wengi wanaolicheka. Mwaka 1934 kiwanda cha mpira cha Wafini, katika mji wa Nokia, kilitengeneza tairi la malori la kupita katika theluji, na mwaka 1936 kikatoa ndugu yake wa magari madogo, akapewa jina la Hakkapeliitta, ambalo ni jina la wapanda farasi wa Kifini waliomtumikia mfalme Gustavus Adolphus wa Sweden katika Vita vya Miaka Thelathini. Wapanda farasi wale waliingia Ujerumani mwaka 1630 kwa upanga na moto. Leo wajina wao huingia kwa jeki na spana, na hupokewa kwa taadhima. Na kwa upande wa mama, yaani kwa upande wa mpira wenyewe, sisi watu wa pwani tuna haki ya kudai ujamaa walau wa mbali, kwani Wajerumani walipoitamani mali hiyo walifungua taasisi ya mimea pale Amani, katika milima ya Usambara, mwaka 1902, na mashamba ya mpira wa Kibrazili yakaenea katika nchi ya Tanga, mpaka bei ilipoanguka mwaka 1913 kwa wingi wa mpira wa Asia, na mkonge ukabaki mfalme. Bibi mmoja wa Muheza angaligema utomvu ule bila ya kujua kwamba wajukuu zake watagombana na fundi wa Stuttgart juu ya kashata.

Sasa tulitazame gari la shemeji. Ni Porsche 944, aina iliyoundwa baina ya 1982 na 1991: injini ya silinda nne, ya lita mbili na nusu, imekaa mbele, giaboksi imekaa nyuma, uzito umegawanyika karibu sawasawa, na magurudumu ya nyuma ndiyo yasukumayo. Waliolibuni walikusudia kwamba usukani ukiguswa kwa kidole gari liwe limekwisha kugeuka. Yaani walimwumba mtumishi hodari asiye na chembe ya subira. Tairi la theluji limemtia adabu. Siku ya Julai, lami inapochemka, mpira uliotungwa kwa ajili ya barafu hulegea, na kashata zake, ndefu na zilizochanjwachanjwa, huinama kwanza kila moja upande wake kabla ya kukubali kubeba mzigo. Na dereva akizungusha usukani, amri yake husafiri polepole hata kufika chini, ndipo gari likageuka, kama jahazi lililokwisha kupewa shikio nalo lingali likingoja tanga lijae.

Na hapo ndipo penye hikima ambayo wapinzani hawajaifikiria. Gari hili hili, likivishwa matairi mema ya kiangazi, huing'ang'ania barabara kwa nguvu hata dereva atakaye kuonja mwisho wa uwezo wake hana budi kwenda mwendo utakaomfikisha kwa polisi, au kwa tabibu, au mbali kuliko hapo. Juu ya matairi ya theluji, starehe hiyo huja yenyewe. Katika kipilefti cha mtaa wao, kwa mwendo wa kilomita 40, mkia wa gari huanza kuteleza, tena kwa adabu, kwa kupiga hodi. Matairi hulia kwa sauti ya kusikitisha. Shemeji hurudisha usukani kidogo, mkia ukarejea mahali pake, naye hutoka upande wa pili kifua kimemjaa, kana kwamba ametoka katika mashindano ya Nürburgring, hali ya kuwa amepitwa na bibi mwenye baiskeli. Wako watu wauzao shamba ili waipate hofu ile kwa mwendo wa kilomita 200. Yeye huipata akienda kununua mkate.

Liko tena jambo la kikaratasi. Gari lina uwezo wa kwenda kilomita 220 kwa saa, na matairi yake yana herufi H, yaani mwisho wake ni 210. Sheria ya Ujerumani, ambayo hairuhusu tairi la kiangazi kuwa zito la mbio kuliko gari lake, imelisamehe tairi la theluji kwa sharti moja: mbele ya macho ya dereva kibandikwe kikaratasi chenye kutaja mwendo usiopitwa. Ni nani mwingine katika wenye magari ya fahari asafiriye na hati ya kukiri upungufu wake, akaisoma kila siku? Dada yangu alipomwuliza kwa upole, "Baba Salma, gari hili limepata kufika hata 150?" alijibu kwa utulivu, "Mama Salma, sheria haitazami lilikofika. Yatazama liwezako kufika."

Shitaka kubwa ni la breki. Yasemwa kwamba katika joto tairi la theluji huhitaji mita nyingi zaidi hata lisimame, na kwamba gari la zamani lisilo na kinga ya kuzuia magurudumu yasigande huteleza likapita pale lilipoamriwa. Shitaka hili ni la kweli, na wakili mwaminifu halikani, huligeuza tu. Matokeo yake ni kwamba shemeji huacha mbele yake nafasi ambayo msafara wa harusi ungepita na ngoma zake. Wenye haraka hujipenyeza humo mmoja baada ya mmoja, naye huwapa njia na kujiandikia thawabu. Akimwona mtoto na mpira kando ya njia, huanza kufunga breki mapema kiasi cha kumpa mtoto wasaa wa kukua. (Mimi, nikialikwa safari ya kiangazi, hupanda treni.) Hata Waitalia wamemfaa pasipo kujua: sheria yao, toka tarehe 16 Mei hata 14 Oktoba, hairuhusu matairi ya theluji ambayo herufi yao ya mwendo ni ya chini kuliko ile iliyoandikwa katika kadi ya gari, na hivyo kila mwaka gharama za kuipeleka familia kwenye ziwa la Garda hubaki mfukoni, kwa sababu isiyoweza kubishwa na Mama Salma wala na watoto.

Imebaki habari ya kulika. Lami ya moto huyala matairi haya kwa pupa, na kiangazi kilichopita kiliyaacha na kashata za chini ya milimita 4. Ujerumani huridhika na milimita 1.6, lakini fundi, mtu mwenye dhamiri, alimwarifu shemeji kwamba huko Austria tairi la theluji lililopungua kuliko milimita 4 halihesabiwi tena kuwa ni la theluji. Alidhani anampa habari mbaya. Shemeji alimshika mkono kwa furaha: ikiwa haya si matairi ya theluji tena, basi ni ya kiangazi, na yeye amekwisha kuipata, bila ya kutoa senti, ile seti ya pili aliyokuwa akishauriwa miaka yote ainunue. Fundi alikubali kwamba hoja ni nzuri, akainua macho akaitazama kalenda iliyotundikwa ukutani, ambayo ilikuwa inaonyesha siku za mwisho za Septemba, akamwuliza angependa kuandikiwa siku gani.