Foleni ya Tunduma Imenifuata Haima

Baba mdogo,

Baridi la mwezi wa saba hapo Tunduma mnalionaje? Sisi huku Muscat tunaungua. Tarehe 26 Juni 2018, pale Qurayyat, mji wa pwani usio mbali na hapa, joto halikushuka chini ya nyuzi 42.6 usiku na mchana. Nasema usiku pia. Wenyeji wanaitaja siku hiyo kwa fahari, kama sisi tunavyowatajia wageni Kimondo cha Mbozi.

Uliniuliza kwenye simu kama ni kweli tajiri wangu ameuza Land Cruiser akanunua gari la betri. Ni kweli. Ukauliza tena: mtu anayekalia mafuta anatafuta nini kwenye betri? Swali hilo hata mimi nililiuliza, ila kimoyomoyo, maana mshahara unatoka kwake. Oman inauza mafuta nje tangu 1967, na barabara tuliyopita inakatiza nchi yenye visima. Malori ya mafuta yalitupita yakitupigia honi, na sidhani kama ilikuwa salamu.

Safari yenyewe ilikuwa Muscat hadi Salalah, kilometa kama elfu moja, yaani Tunduma hadi Dar na chenji juu. Lakini toa Makambako, toa Mafinga, toa vitunguu vya Ruaha Mbuyuni, toa tembo wa Mikumi. Ukishaiacha Nizwa na Adam, kinachobaki ni mchanga, nguzo za umeme, na ngamia anayevuka barabara bila kuangalia kushoto wala kulia. Ndani ya gari walikuwamo tajiri na mkewe, watoto wao, mimi kwenye usukani, na Bibi, mama yake tajiri. Bibi ni mzaliwa wa Unguja. Alikuja huku baada ya 1970, Sultan Qaboos alipoingia madarakani na kuwaita Waomani wa nje warudi kwao. Kiswahili chake kinanifanya nione aibu kufungua mdomo.

Sasa wewe unanijua. Mimi nimelelewa na magari ya IT, yale yanayopita tu kwenda nchi jirani. Kutoa gari bandarini Dar na kulifikisha mpakani lilikuwa jambo la heshima, na heshima ilipimwa kwa mwendo. Huku nimepewa barabara pana, njia mbili kila upande, kibao kinaruhusu 120, na tajiri ananiambia nisipite 95! Mabasi yanatupita. Nissan bovu lililobeba mbuzi limetupita, na mbuzi mmoja alinitazama hadi nikageuza macho.

Kisa ni asilimia. Gari hili halina geji ya mafuta, lina asilimia, kwa maandishi makubwa katikati ya dashibodi, ambapo hata aliyekaa nyuma anaziona. Bibi alizisoma kwa sauti tangu Adam. "Arubaini na moja. Arubaini. Ya Rabbi, thalathini na tisa." Tajiri akaingiwa na hofu, akaamuru kiyoyozi kizimwe ili betri ifike. Nje nyuzi 47. Bibi akamwambia: "Mie sikutoka Unguja nije kufa Haima. Washa." Kikawashwa.

Na Bibi alikuwa na haki, hata kwa hesabu za mafundi. Kiyoyozi kinakula umeme, ndiyo, lakini kinachofyonza betri kwenye barabara ndefu ni mwendo, kwa sababu gari linasukumana na upepo. Ukishuka kutoka 120 hadi 95, kilometa zilizobaki zinaongezeka ukiwa unaziangalia. Ukizima kiyoyozi, zinaongezeka kiduchu na mama mtu mzima anazimia. Kuna jambo jingine ambalo wauzaji hawalisemi kwa sauti: betri yenyewe haipendi joto. Ina mfumo wake wa kupoozwa, nao unakula umeme uleule. Kwa hiyo humo garini kuna abiria mmoja asiyeonekana, hali chakula wala haombi maji, lakini anapulizwa baridi kabla ya watoto.

Haima iko karibu na nusu ya njia. Tulifika na asilimia kumi na kitu, tajiri kimya, Bibi kwenye tasbihi. Mashine za kuchaji zilikuwa mbili. Moja ilikuwa imekufa, kioo cheusi tii. Kwenye iliyo hai kulikuwa na familia ya Emirates, na nyuma yao magari mengine yamejipanga juani, milango wazi, watoto wanalia. Baba mdogo, nilijisikia nyumbani, kwenye foleni ya mpakani! Hawa watu foleni hawaijui. Kila mmoja alikuwa anabishana amefika saa ngapi. Nikatoa daftari, nikaandika namba za magari kwa mpangilio, nikawaonyesha kila mtu nafasi yake, na kwa muda nilikuwa ofisa wa forodha. Kilichokosekana ni vijana wa kubadilisha kwacha.

Nchani mwa waya ule wa kuchaji kuna mshikio mnene uliokuwa umeshinda juani; niliushika kwa taulo kama sufuria ya ugali. Ukiuchomeka, feni za gari zinaanza kunguruma kama lori la Kongo linapanda mlima Kitonga, na hapo gari limesimama. Halafu betri ikifika asilimia themanini, umeme unaanza kuingia kwa kudondoka. Ustaarabu ni kuchomoa hapo na kumpisha mwenzio. Yule bwana wa Emirates alitaka mia. Tajiri alizungumza naye kwa upole, wapi. Ndipo Bibi akashuka na birika la kahawa na kibakuli cha haluwa, akaketi naye kivulini, akamuuliza habari za mama yake, na za mama wa mama yake. Tulisikia waya unachomolewa kwenye asilimia themanini na sita.

Baada ya Thumrait, mambo yakageuka. Barabara inashuka milima kuelekea Salalah, na gari la betri likishuka, mota inageuka kuwa jenereta: inalishika gari lisikimbie na inarudisha umeme kwenye betri. Najua wewe uliyeshuka Kitonga na shaba ya Zambia mgongoni, breki zinanuka, huwezi kuniamini. Asilimia zilipanda huku tunashuka. Bibi akatulia, akafikiri, akasema: "Basi turudi juu tushuke tena, tujaze kabisa." Tajiri alianza kumweleza kwa nini haiwezekani. Hadi tunafika mjini alikuwa bado anaeleza.

Na tulifuata nini Salalah? Manyunyu. Kuanzia mwishoni mwa Juni hadi Septemba kuna msimu wanaouita khareef. Ni kusi ileile inayovuma pwani yetu. Inafika pale, inagonga milima, na jangwa linavaa kijani. Watu wanatoka Ghuba nzima, wanalala hotelini kwa pesa nyingi, halafu wanatandika mikeka kwenye matope na ukungu, wanarekodi mvua kwa simu. Nyuzi ishirini na kitu. Mimi nilivaa sweta langu la Vwawa, tajiri akalitamani. Pembeni mwa barabara wanauza madafu, ndizi, mapapai na miwa. Bibi alinunua dafu, akanywa hapo hapo akiwa amesimama, hakusema neno, na hakuna aliyemuuliza.

Sasa kuhusu mdogo wangu anayetaka gari la betri la kubebea abiria. Kwa Tunduma hadi Vwawa namuunga mkono. Hata Mbeya, kama kilometa mia moja hivi, ataenda na kurudi kwa chaji moja, ikiwa betri ni kubwa. Baridi yetu ya wastani betri inaipenda, na milima itamrudishia sehemu ya alichotumia. Achajie nyumbani usiku, aombe kwanza fundi wa Tanesco aangalie kama waya za nyumba zinahimili. Ile njia ya TAZA, ya kilovolti 400 kutoka Iringa kupitia Mbeya hadi Tunduma na Sumbawanga, ikikamilika, umeme utavuka kwenda Zambia bila kupanga foleni, na mimi nitafurahi, lakini yeye asinunue gari kwa kuitegemea. Kwenda Dar apande basi. Na kabla hajatuma senti kwa dalali yeyote, anipigie picha ya geji ya afya ya betri, si picha ya rangi ya gari.