Hongera kwa Skrini Nyeusi

Hongera, bwana mkubwa, kwa laptopu mpya. Umeifuta Windows kwa madaha, ukaweka Linux, ukatutangazia kuwa sasa u mtu huru. Mbona basi skrini nyeusi tii, na kistari cheupe kinakukonyeza pale kona ya juu? Labda ndio uhuru wenyewe.

Usihuzunike. Mwaka 2012, huko Ufini, Linus Torvalds mwenyewe, baba wa Linux, aliwainulia Nvidia, watengenezaji wa chipu ya picha iliyo ndani ya laptopu yako, kidole cha kati mbele ya kamera. Mwenye nyumba akishatukana hivyo, mpangaji useme nini? Mwaka 2022 kampuni ikaachia msimbo wa ile sehemu ya draiva inayokaa ndani ya kerneli, kiini cha Linux. Sehemu nyingine? Siri yao, tuwaachie.

Wewe andika nomodeset kwenye menyu ya kuwashia. Picha itarudi, herufi nene, imevutika. Kisha weka draiva, na Secure Boot, mlinzi wa kuwasha mashine, itaikataa kwa kuwa haina saini inayoijua. Ufunguo wa saini uuidhinishe wewe, kwa nenosiri, kwenye mashine uliyoinunua kwa hela yako. Feni lakini inavuma vizuri, hilo tunakusifu. Tunaisikia hadi sebuleni.